Umemwitaje?

Ilikuwa Ramadhani, baada ya tarawehe, tumekaa barazani barabara ya 12 pale Ngamiani. Muuza kahawa alishapita mara mbili. Kwenye sinia zilibaki kashata mbili, na kila mmoja wetu anaona haya kuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Mpwa wangu akaja na pikipiki yake, akamwona rafiki yake ng'ambo ya barabara, akapaza sauti: "Oya, niga wangu!"

Mzee mmoja wa baraza letu akaweka kikombe chini. Umri wake umepita miaka 85, na kwa kawaida vijana wakipiga kelele wala hashughuliki nao. Safari hii aligeuka mwili mzima.

"Umemwitaje?"

"Nani, babu?"

"Yule mwenzio. Umemwitaje?"

Kijana akacheka, akadhani anataniwa. "Aa, babu, ile ni kama kusema mshikaji tu. Yaani ndugu yangu."

"Kama maana yake ndugu, sema ndugu."

Akanyanyua kikombe chake, na habari ikaishia hapo. Mpwa wangu akaondoka, mtu mmoja akajikaza akachukua kashata. Mimi nikarudi nyumbani na lile swali.

Mzee yule alianza kazi akiwa na miaka 16, katikati ya miaka ya 1950, nyumbani kwa meneja Mwingereza wa shamba la mkonge upande wa Muheza. Kazi yake iliitwa "boi". Alioa akiwa boi, akapata mtoto wa kwanza akiwa boi, na mle ndani meneja alikuwa na mwanawe wa miaka saba ambaye naye, kwa Kiingereza cha wazazi wake, aliitwa boi. Wawili hao wakiitwa, ilibidi wasikilize sauti ili wajue nani anaitwa. Neno la mpwa wangu alilisikia kwanza jikoni kule, siku chai ilipochelewa. Kiingereza hakukijua, na wala hakumuuliza mtu maana yake.

Ningependa kukuambia kwamba mzee wetu huyu ana mdomo safi. Hana. Nusu saa kabla mpwa wangu hajafika alikuwa anatusimulia habari za fundi aliyemjengea choo kikatitia, na kila alipomtaja alimwita "yule manamba". Kabla ya hapo ilikuwa "yule zeruzeru wa posta". Hakuna aliyeweka kikombe chini. Hata mimi.

Neno la mpwa wangu lina kwao. Huko Marekani watu weusi wamepewa majina na wamejipa majina mara nyingi mno. Chama chao kikubwa cha kutetea haki, NAACP, kilianzishwa mwaka 1909, mwaka uleule aliozaliwa Shaaban Robert wetu pale Vibambani, na mpaka leo ndani ya jina la chama hicho wamo "watu wa rangi", ingawa ukimwita hivyo Mmarekani mweusi wa leo utakiona cha moto. "Negro" lilikuwa neno la heshima kwa kizazi cha Martin Luther King. Kwenye fomu ya sensa ya 2010 bado lilikuwemo, kwenye ile ya 2020 halimo. Na lile jingine, lile baya, vijana weusi walilichukua wakaligeuza la kuitana wenyewe kwa wenyewe, lakini mweupe akilitamka ni ugomvi. Wazee wao hawakupendezwa. Julai 2007 NAACP walilifanyia mazishi kabisa mjini Detroit: jeneza, farasi wa kulikokota, msafara wa waombolezaji. Sisi watu wa matanga tunajua kwamba maiti ikishazikwa imezikwa. Ile yao haikulala kaburini hata usiku mmoja, iliendelea kuimba kama kawaida, ikavuka bahari ikashukia kwenye simu ya mtoto wa Tanga aliyekuwa na mwaka mmoja siku ya mazishi.

Bibi yangu mzaa baba, Mzigua wa Pangani aliyeolewa Tanga mjini, neno hilo hakuwa nalo. Alikuwa na mengine. Duka la pembeni lilikuwa "kwa Baniani", na ukilalamika kwamba sukari imepungua uzito alikukatiza: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Maana ndiye aliyetukopesha mwisho wa mwezi. (Mwaka jana binti yangu alirudi na methali hiyo kutoka shuleni, ameambiwa aieleze. Akaniuliza Baniani ni nani. Nikamwambia ni mfanyabiashara wa Kihindu. Akafikiri kidogo, akauliza kwa nini ni mbaya. Nikamwambia aendelee na methali inayofuata.)

Lakini Bibi alijua kutofautisha. Baniani si Khoja, Khoja si Bohora, Singasinga si Mgoa. Alijua nani hali nyama, nani ana mfungo lini, nani akifiwa unakwenda kukaa na nani unapeleka rambirambi mlangoni ukarudi. Mimi na rika langu tuna neno moja, Mhindi, tunawafunika nalo wote, kisha tunajiona tumestaarabika.

Na hilo la kustaarabika nalo lina mambo. Ukilivua nguo utamkuta Mwarabu ndani: asili yake ni kuwa kama Mwarabu. Kinyume chake pwani hii alikuwa mshenzi, mtu wa bara, asiye Mwislamu, anayeteremka Bagamoyo au Pangani na mzigo wa pembe begani. Halafu wapo waungwana na wapo watumwa, na utumwa Tanganyika haukufutwa kwa sheria mpaka 1922, Waingereza wameshaingia. Bibi alizaliwa miaka mitatu baadaye. Kwa hiyo alipomwita mtu "mtumwa" hakuwa anasoma kitabu cha historia. Alikuwa anazijua nyumba, ipi na ipi, na nani hawezi kuposa wapi.

Leo mama akimpigia mtoto kelele, "Mshenzi we, shuka kwenye mwembe!", hakuna Mnyamwezi anayegeuka. Neno limepoteza kabila lake, limebaki na hasira tu. Na mwalimu akimwambia mwanafunzi awe mstaarabu, hakuna anayemtafuta Mwarabu. Mengine yamekufa hivyo, kwa uzee, bila jeneza wala farasi.

Manamba halikufa.

Mkonge wenyewe ulikuja ugenini. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Ilipofika 1964 Tanganyika ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na mikono ya kuukata ilitafutwa mbali: Kigoma, Tabora, Njombe, mpaka Msumbiji. Watu waliandikishwa kwao, wakapewa namba, wakasafirishwa kama shehena. Ndio manamba, wenye namba. Kila mmoja na kipande chake chenye siku 30 za kutiwa alama, na siku usiyotiwa alama haihesabiki hata kama ulikuwa unaumwa. Tanga tunajisifu kwa usemi wetu wa waja leo, waondoka leo. Hawa walikuja, na hawakuondoka.

Mtaani kwetu walikuwepo wazee wawili wa aina hiyo. Mmoja Mnyamwezi, alikuwa seremala. Mwingine Muha wa Kigoma, aliuza mafuta ya taa kwa chupa.

Mnyamwezi alikuwa mtani wa Bibi. Kila asubuhi akipita mlangoni: "Mtumwa wangu, hujafa tu?" Na Bibi kutoka uani: "Nife, nani atakulisha, mtumwa wangu wewe, uliyeingia mji huu huna hata shuka?" Wapangaji wageni walishtuka, wakadhani kuna kesi. Hakukuwa na kesi. Siku Bibi alipofariki, mwaka 2001, yule mzee alishuka kaburini kabla ya maiti, akalala chali, akasema mtumwa wake hazikwi mpaka alipwe deni lake. Shehe akanyamaza kimya, maana kuna mambo shehe naye anayaelewa. Baba akatoa noti, Mnyamwezi akatoka, akajipangusa udongo, kisha akalia kuliko sisi wote.

Muha hakuwa mtani wa mtu pale. "We manamba, nipimie chupa moja." Bibi alimwambia hivyo usoni kwa miaka nisiyoweza kuihesabu, bila hasira, kama anavyosema habari za asubuhi. Naye alipima, akafuta mdomo wa chupa kwa kitambaa, akarudisha chenji. Sikuwahi kumsikia akijibu. Nilipokuwa mtoto nilidhani huo ndio upole wake.

Nimeyapima mara nyingi hayo mawili. Ukiyaweka kwenye mizani, "mtumwa" ni tusi zito kuliko "manamba", na wala si kidogo. Lakini la Mnyamwezi lilikwenda na kurudi. La Muha lilikwenda tu.

Baba alikuwa mtu mwingine kabisa. Karani wa reli, mwanachama wa TANU, mtu aliyekariri ahadi ya kwanza ya mwanachama kuliko alivyokariri siku zetu za kuzaliwa: binadamu wote ni ndugu zangu, na Afrika ni moja. Alikulia katika mji uliopangwa kwa rangi. Uzunguni ufukweni, huko Raskazone na Bombo. Uhindini katikati penye maduka. Sisi Ngamiani kwenye barabara za namba. Hata kura ya kwanza, ya 1958 na 1959, ilipigwa kwa rangi: kila mpiga kura alitakiwa achague watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja. Oktoba 1961 wapo wabunge waliotaka uraia wa nchi mpya uwe wa weusi, na Nyerere akasimama akawalinganisha na akina Hitler, akawaambia serikali yake iko tayari kujiuzulu. Baba alikuwa kijana mdogo tu wakati huo, lakini kisa hicho alikisimulia kana kwamba alikuwa amekaa kiti cha nyuma mle ndani.

Baada ya Azimio la Arusha "bwana" likapungua, "ndugu" likaingia kila mahali, hata kwenye barua za kudai deni. Nyumbani kwetu Baba alipiga marufuku orodha nzima: manamba, Baniani, mshenzi, na golo, neno ambalo baadhi ya Wahindi walituita sisi weusi na ambalo sisi watoto tulilichukua tukawa tunaitana wenyewe, kwa kucheka. (Ndiyo, nalijua. Mpwa wangu hakuanza yeye.) Alikataza tu. Hakutueleza limetoka wapi, nani aliitwa, ilikuwaje. Ukiuliza unajibiwa kwamba mambo hayo yamekwisha. Bibi naye alikuwa chumba cha pili, anamwita Muha manamba dirishani, na Baba hakuthubutu kumkataza mama yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mchungaji Christopher Mtikila akaanza kunguruma kwenye mikutano ya hadhara juu ya "magabacholi", na watu wakashangilia, na mwaka 1993 huko Dar es Salaam Wahindi wakapigwa mawe. Nakumbuka Baba alisoma habari hiyo gazetini, akalikunja mara nne, akasema: "Kumbe yalikuwepo."

Neno moja Baba hakulikataza, kwa sababu hakuliona. "Uzunguni" lilibaki kuwa sifa, "Uswahilini" likawa tusi. Fundi akikuahidi Jumatatu akaja Alhamisi, "ana Uswahili mwingi huyo". Akija saa aliyosema, "huyu Mzungu". Tunayasema hayo Tanga, kwa Kiswahili, lugha ambayo tukikaa na mtu wa bara tunamsahihisha kila sentensi. Siku hizi Chongoleani, litakakoishia bomba la mafuta la kutoka Hoima, kumejaa wageni wa kila namna, na nimemsikia dereva wa bodaboda akilalamika kwamba mgeni mmoja alimpunja nauli. "Yule Mzungu," akasema, "Mswahili kweli kweli."

Mimi sasa, maana nimewasema wengine vya kutosha.

Nikiwa shule ya msingi, miaka ya 1980, tukikutana njiani na mtu mwenye ualbino tulikuwa tunajitemea mate kifuani, ndani ya shati, ili tusije tukazaa mtoto kama yeye. Hakuna aliyetufundisha darasani, na hakuna aliyetukataza. Tulimwita zeruzeru mbele yake na nyuma yake. Na tuliambiana jambo lingine, ambalo nilikuja kulielewa nimeshakuwa mtu mzima: kwamba zeruzeru hafi, hupotea tu. Mwaka 2007 na 2008, redio zilipoanza kutangaza watu wanavyokatwa viungo huko Kanda ya Ziwa, nilikuwa nasikiliza na sentensi ile ikanirudia. Mtu uliyeambiwa tangu utotoni kwamba hafi, anayemuua hahisi kwamba ameua. Sikumkata mtu. Lakini sentensi ile niliisema, na kwa furaha.

Mwaka 2008 Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa kuwa mbunge, wa kwanza mwenye ualbino, na taratibu neno la redioni likabadilika. Watu wa baraza waliliona refu. "Mtu mwenye ualbino", nani ana muda huo? Nami nililiona refu. Linachosha ulimi, ni kweli. Ila linaanza na mtu.

Kizazi cha binti yangu ndicho kinachonichanganya. Ana miaka 16, na neno zeruzeru kwake ni kama tusi la nguoni. Nikimwita mtu kiziwi ananisahihisha mezani mbele ya wageni. Kisha siku moja nikaona kwenye simu yake kundi la darasa lao, wamemwita mwenzao "Mmasai" wiki nzima kwa sababu ya viatu.

"Ni utani tu, baba."

"Utani wa kabila gani na kabila gani?"

Akaniangalia kama niliyemuuliza bei ya kipande. Hakujua kwamba utani una mipaka, kwamba kuna unayemtania na usiyemtania, kwamba mtani wako ndiye atakayekuchimbia kaburi. Yule mwenye viatu alishatoka kwenye kundi tangu Jumatano.

Lakini siku nyingine alinishinda. Tulikuwa harusini Chumbageni, na shangazi yangu mmoja, mwanamke wa udi na mkufu, akamshika kidevu akasema mbele ya watu: "Mashaallah. Mweusi lakini mzuri." Hakuna neno baya humo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina vifungu vya matusi ya kibaguzi, na hata shangazi angeliandika hilo kwenye simu, sijui nani angeipeleka "lakini" mahakamani. Wanawake wote meza ile walitikisa kichwa kwa kukubali, na wawili kati yao nyuso zao zilishaiva kwa mkorogo.

Binti yangu akatabasamu. "Ahsante, bibi. Na wewe ni mnene lakini una akili."

Nilimkemea, kwa sababu ilibidi. Shangazi alinyamaza muda mrefu, akiwa bado amemshika kidevu, kisha akamwachia, akacheka mpaka ushungi ukamdondoka. Tangu siku hiyo wakikutana wanatukanana vizuri kabisa. Kwenye gari mke wangu hakunisemesha, maana aliniona nacheka dirishani.

Nirudi kwa mpwa wangu. Yule rafiki yake wa ng'ambo ya barabara, aliyeitwa lile neno usiku ule wa Ramadhani, ni mjukuu wa Muha wa mafuta ya taa. Babu yake alishafariki; duka lipo, sasa linauza vocha na soda. Vijana wana timu ya mtaa, na Jumapili iliyofuata baada ya Idd walinialika kiwanjani Mabawa kwenye mechi, kwa sababu nilichangia pesa ya jezi. Jezi zilikuwa za kijani. Mgongoni, juu ya namba, pale ambapo wengine huandika jina la mchezaji, wote kumi na mmoja wameandika MANAMBA.

"Nani kachagua?" nikamuuliza mpwa wangu.

"Yeye mwenyewe," akamwonyesha mjukuu wa Muha, aliyekuwa anafunga kamba za viatu. "Kasema babu yake alikuwa na namba, na sisi tuna namba."

Kipindi cha pili walipata bao. Kiwanja kizima kikalipuka, watoto wamepanda juu ya ukuta, wanapiga madebe: "Manamba! Manamba!" Mzee wetu wa baraza alikuwepo, ameletewa kiti cha plastiki kivulini, naye amenyanyua bakora yake juu anaimba nao kwa sauti yote aliyobakiwa nayo. Mjukuu wa Muha alikimbia mpaka kwenye mstari, akatugeuzia mgongo, akalionyesha lile neno kwa vidole gumba viwili.

"Mjomba," mpwa wangu akaniambia sikioni, "mbona huimbi?"

Nikapiga makofi.